Hukumu ya Miguu

Kanuni ya mashindano ya ngoma ya Wasukuma haijawahi kuhitaji karatasi. Makundi mawili hupewa uwanja mmoja, siku moja, saa ileile. Kila kundi lina manju wake, ngoma zake, na wachezaji waliojiandaa tangu mavuno yalipoanza kuingia ghalani. Yanaanza kucheza kwa pamoja, yakitenganishwa na nafasi ya wazi tu, na katika nafasi hiyo wapo watu. Hao ndio waamuzi. Hakuna aliyewateua, hawana meza wala kalamu, na wengi wao hawana habari kwamba wanahukumu, wamekuja kutazama. Wakivutiwa na upande huu, wanaukimbilia. Shangwe ikilipuka upande wa pili wanageuka na kukimbia kule: mama na mtoto mgongoni, kijana na baiskeli yake, mzee na fimbo. Jua likielekea kuzama, kundi lililozungukwa na watu wengi zaidi ndilo limeshinda, na kundi la pili linalijua hilo bila kuambiwa, kwa sababu linaona vumbi tupu mbele yake.

Sijui adhabu ya msanii iliyo kali kuliko hiyo. Mshairi mbaya husomwa kimyakimya na kusahauliwa kimyakimya. Manju anayeshindwa huona migongo.

Ukimuuliza mzee wa Misungwi, Kwimba au Magu mambo haya yalianza lini, hatakupa mwaka. Atakupa majina mawili: Ngika na Gumha. Hao, kwa mujibu wa masimulizi, walikuwa mafundi wa ngoma na wajuzi wa dawa, watu wa katikati ya karne ya 19, na kila mmoja alijiona kuwa hana mpinzani katika kukusanya watu. Ubishi wa namna hiyo hauwezi kumalizwa kwa maneno. Wakashindana. Waliomfuata Ngika wakaitwa Bagika, waliomfuata Gumha wakaitwa Bagalu, na tangu hapo Usukuma ukawa na vyama viwili vya ngoma ambavyo vikundi vingi vya wachezaji vimejipanga chini ya kimoja au kingine. Mtu huingia chama kwa kufundishwa na kupewa dawa zake, na akishaingia hawezi kuwa wa pande zote mbili. Anayeshangaa jinsi Watanzania wanavyoweza kugawanyika kati ya Yanga na Simba akumbuke kwamba klabu hizo zilianza miaka ya 1930. Huku ziwani watu walikuwa wameshagawanyika kitambo.

Masimulizi ya waanzilishi wawili, wakubwa sawa, wenye dawa zinazolingana, yana unadhifu ambao maisha huwa hayana. Yawezekana Ngika na Gumha walikuta ushindani uliokwisha kuwapo na wakaupa majina yao tu. Walichoacha, hata hivyo, si hadithi: vyama vyenyewe vipo, na watu bado wanajitambulisha navyo, karne moja na nusu baadaye. Ni vyama vichache vya aina yoyote, vya siasa au vya mpira, vilivyodumu kiasi hicho katika nchi hii.

Zama zenyewe zinaeleza sehemu ya jambo. Mwaka 1858 John Hanning Speke alifika kwenye mwambao huu wa kusini wa ziwa na kulibandika jina la malkia wake. Alifuata njia ambayo haikuwa yake; ilikuwa imekanyagwa na wapagazi. Wanyamwezi na Wasukuma kwa maelfu walikuwa wakibeba pembe za ndovu hadi pwani, Bagamoyo, na kurudi na vitambaa, shanga na nyimbo. Safari hizo zilifuata kalenda ya mkulima: mvua ni za jembe, kiangazi ni cha njia. Kiangazi hichohicho, kuanzia Juni chakula kikishavunwa, kilikuwa pia cha ngoma. Kijana wa Usukuma wa wakati huo alikuwa na njia mbili za kujitafutia jina mvua zikikatika. Aende pwani arudi na kitambaa kipya, au abaki nyumbani acheze. Wapo waliofanya yote mawili katika miaka tofauti, na nyimbo zikasafiri pamoja nao. Vyama vya wawindaji wa tembo, vya wawindaji wa nungunungu waliocheza bununguli, na vya Bayeye, mafundi wa nyoka, vilikuwa na nyimbo na siri zao. Mkusanyiko wa watu waliozoea kuimba kazini ulikuwa tayari. Kilichobaki ni kuuliza nani anaimba vizuri zaidi, na swali hilo, kila mahali duniani, huzaa swali la pili lililo gumu kuliko la kwanza: nani aseme?

Katika miaka hiyohiyo, mbali kabisa na ziwa hili, watu wengine walikuwa wakihangaika na swali hilo la pili. Mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu ya London, wachezaji 16 wa sataranji walikutanishwa katika mashindano yanayohesabiwa kuwa ya kwanza ya kimataifa ya mchezo huo. Mwandaaji mkuu alikuwa Howard Staunton, Mwingereza aliyeaminika kuwa bora kuliko wote. Akafungwa na Adolf Anderssen, mwalimu kutoka Ujerumani, ambaye ndiye aliyetwaa ubingwa. Kisha akafungwa tena na Elijah Williams katika kuwania nafasi ya tatu.

Mtu angedhani sataranji haina shida ya mwamuzi. Ni kama bao letu: kete ziko mbele ya macho, na mfalme akikwama amekwama, hakuna wa kubishana naye. Lakini Williams aliwaonyesha mwanya. Alikuwa akifikiri. Aliutazama ubao muda mrefu, muda mrefu mno, na hapakuwa na kanuni ya kumharakisha. Staunton alilalamika kwa uchungu kwamba mtu anaweza kushinda kwa kumchosha mwenzake tu. Baadaye wakajaribu kioo cha mchanga. Halafu ukazuka ubishi kuhusu sare: mwaka 1867, mashindano ya Paris yaliihesabu sare kuwa si kitu, na mwaka huohuo yale ya Dundee, Uskochi, yakaipa nusu pointi. Mwaka 1883, London tena, wachezaji waliwekewa saa mbili zilizounganishwa, moja ikisimama nyingine ikitembea. Kifaa hicho kilibuniwa na Thomas Bright Wilson, mwanachama wa klabu ya sataranji ya jiji la Manchester. Kutoka malalamiko ya Staunton hadi saa ya Wilson ni miaka 32. Klabu za miji ya Ulaya, kila moja ikiwa na mashindano yake ya mwaka, meza zake na wazee wake wabishi, zilitumia nusu karne kutengeneza njia ya kumpata mshindi ambayo aliyeshindwa angeikubali.

Usukuma ulikuwa na njia yake kabla ya saa ya Wilson, na ninaona ni vyema kuzitazama njia hizo mbili kama majibu ya swali moja. Sataranji ya klabu ilimtoa mtazamaji nje ya jambo. Anaruhusiwa kusimama nyuma ya viti, akae kimya, asikohoe sana. Ngoma ya Bagika na Bagalu ilimweka mtazamaji katikati, ikamwachia kila kitu, halafu ikakataa kumwambia namna ya kuamua. Hakuna alama za mavazi, hakuna alama za mdundo. Kuna mahali ulipo umesimama.

Lakini mwamuzi wa namna hiyo anaweza kuhongwa. Kila mtu uwanjani alijua hivyo, na hapa ndipo mambo yanaponoga.

Hongo yenyewe iliitwa samba, dawa ya mvuto. Manju hakuwa mtunzi wa nyimbo tu. Ilimpasa awe na dawa, au awe na mganga mwenye dawa, ya kuwavuta watu waje upande wake na kuwang'ang'aniza pale walipo. Ilitiwa mwilini na kwenye ngoma, na uwanja wenyewe uliandaliwa kabla watu hawajafika. Wapinzani nao walikuwa na yao, pamoja na kinga dhidi ya ya wenzao. Kwa hiyo mashindano yaliyoonekana mchana yalikuwa nusu tu; nusu nyingine ilikuwa imekwisha kuchezwa usiku na waganga. Fikiria hali ya yule mtu wa katikati. Amesikia shangwe upande wa Bagalu, akakimbia. Je, alikimbia kwa sababu wimbo ulikuwa mtamu, au kwa sababu alivutwa? Miguu ni yake, lakini safari ni ya nani? Wanafalsafa wamejaza makabati kwa swali hilo. Usukuma ulilipeleka uwanjani ukalipigia ngoma.

Juu ya dawa kulikuwa na vituko. Mtu anayetaka watu wageuke lazima awape cha kugeukia. Chatu aliyezungushwa shingoni. Fisi aliyefungwa kamba. Sanamu za mbao, nyingine ndefu karibu na kimo cha mtu, zenye mikono au miguu inayochezeshwa, zikatolewa ghafla katikati ya wimbo. Majembe ya bugobogobo yakirushwa juu, yakizunguka hewani na kudakwa bila mchezaji kupoteza hatua. Kila kituko kilikuwa na maisha mafupi, kwa kuwa mwaka ujao wenzako watakuja na kikubwa zaidi. Ushindani ule ulikuwa kiwanda cha ubunifu, na sehemu ya mazao yake imeishia Ulaya. Sanamu za Usukuma zimo katika makumbusho na mikononi mwa wakusanyaji, zimesimama wima juu ya vigingi vyake, zikiangaziwa taa kwa ustadi mkubwa. Wanaopita mbele yake wanatembea polepole na kunong'ona. Zilichongwa ili watu wakimbie.

Wapo wanaosema, na nimewasikia hata wazee wakisema, kwamba hukumu ya umati iliharibu ngoma, kwamba ilimpa ushindi mwenye fisi na kumnyima mwenye wimbo. Nadhani wanasahau neno moja katika kanuni: kilichohesabiwa ni jua likizama. Fisi anakupa nusu saa. Watu wanakimbia, wanamtazama, wanamwona ni fisi, wanarudi. Chatu anakupa kidogo zaidi. Kumshika mtu aliyesimama tangu mchana, mwenye kiu, anayewaza ng'ombe wake, na kumfanya asisogee hadi mwisho, hakuna kilichoweza ila manju mwenye maneno: anayejua habari za kijiji, anayejua kumchoma mpinzani kwa kejeli ambayo itaimbwa njiani watu wakirudi makwao. Umati ni mwamuzi kigeugeu ukiupima kwa dakika. Ukiupa siku nzima, una akili kuliko unavyodhaniwa.

Aliyeshindwa alisema nini? Alisema wamenizidi dawa. Ilikuwa kauli ya heshima kiasi, maana haikumaanisha hujui kucheza. Alikwenda nyumbani, akatafuta samba iliyo kali kuliko ile, na mwaka uliofuata akarudi. Ninalitilia mkazo jambo hili kwa sababu ya mahali tunapoishi. Ni Usukuma huuhuu ambako, kwa miongo mingi, tuhuma za uchawi zimewagharimu wanawake wazee uhai wao, wengine kwa kosa la kuwa na macho mekundu yaliyotokana na moshi wa kuni. Kuamini kwamba kushindwa kwako kumesababishwa na mkono wa mtu aliyejificha ni imani yenye hatari kubwa, na magazeti yetu yameandika matokeo yake mara nyingi kupita kiasi. Uwanja wa ngoma uliishughulikia imani hiyohiyo kwa namna nyingine kabisa. Dawa ilisemwa hadharani. Mwenye dawa alijulikana jina, chama na kijiji. Alikuwa pale mbele, anaimba, anakucheka. Na kisasi kilikuwa na tarehe yake: kiangazi kijacho. Sisemi kwamba ngoma ingewaokoa wale bibi. Nasema tu kwamba watu wetu waliwahi kuwa na mahali ambapo ugomvi wa dawa uliweza kuishia kwenye wimbo.

Kulikuwa pia na waliovuka mpaka wa uwanja. Ng'wanamalundi, ambaye jina lake linajulikana kwa kila mtoto wa kanda hii, husimuliwa zaidi kama mtu aliyenyoosha kidole mti ukakauka. Kinachosahaulika ni kwamba alikuwa mcheza ngoma. Sifa ya nguvu zake ilikua pamoja na sifa ya kukusanya watu, na haishangazi kwamba serikali ya Wajerumani ilimkamata. Utawala wowote humwogopa mtu ambaye watu humkimbilia bila kuitwa.

Sasa turudi kwenye 1883, mwaka wa saa ya Wilson. Mapema mwaka huo mapadre wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, waliokuwa wameondoka Buganda mwishoni mwa 1882, walianzisha kituo Bukumbi, sehemu ambayo leo imo katika Wilaya ya Misungwi. Ni miongoni mwa misheni za kwanza za Kikatoliki katika mwambao huu. Kati ya misheni na ngoma hapakuwa na urafiki. Mmisionari aliyeifahamu samba aliona, na kwa mantiki yake aliona sawa, kwamba anayeingia chama cha ngoma anaingia pia katika dawa zake, na Mkristo hana sehemu huko. Kwa miaka mingi muumini alitakiwa achague. Wengi walichagua Jumapili kanisani na Julai uwanjani, bila kumsumbua padre kwa maelezo.

Aliyeugeuza ukurasa alikuwa padre wa shirika lilelile, David Clement kutoka Kanada, aliyeanza kazi Bujora, karibu na Kisesa, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Alijenga kanisa lenye umbo la nyumba ya msonge, akaingiza ngoma katika ibada, na akakusanya vitu vya kale ambavyo viliwekwa katika Makumbusho ya Wasukuma yaliyofunguliwa mwaka 1968. Jambo lake la werevu zaidi lilikuwa kalenda. Sikukuu ya Ekaristi Takatifu huangukia karibu na Juni, wakati mavuno yamekwisha na maungo yanawasha kutaka kucheza. Sikukuu hiyo ya maandamano na maua ikaitwa Bulabo, maua kwa Kisukuma, na baada ya maandamano Bagika na Bagalu wakapewa uwanja. Wengine humsifu Clement kwa kuiokoa ngoma, wengine humlaumu kwa kuibatiza. Mimi ninamsifu kwa jambo ambalo hakulifanya. Hakuweka majaji. Aliacha watu waendelee kukimbia.

Pamba nayo ilikuwa na sehemu yake. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928 ikipitia Misungwi, na miaka ya 1930 kituo cha utafiti cha Ukiriguru, kilicho katika wilaya yetu, kilianza kazi. Baadaye kilipata wataalamu wa shirika la kukuza pamba katika himaya ya Uingereza, lililoundwa 1921 ili viwanda vya Lancashire, vilivyolizunguka jiji lilelile la Wilson, visikose malighafi. Mbegu zake bado zinaitwa UK, na wapo wanaodhani herufi hizo ni za Uingereza. Ni za Ukiriguru. Pamba ilileta fedha mkononi wakati uleule wa kiangazi, na vikundi vilivyolima kwa kukodiwa, ngoma ikiwa mbele na majembe nyuma, vilikuwa ndivyo vinavyocheza mavuno yakiisha. Kisha ukaja muungano wa vyama vya ushirika chini ya Paul Bomani mwaka 1955, ikaja TANU, ukaja Uhuru. Mamanju wakaimba yote hayo. Watemi, waliokuwa walezi wakubwa wa ngoma, waliondolewa madaraka 1963. Lakini Saba Saba na Nane Nane, sikukuu mbili za taifa jipya, zikaangukia katikati ya msimu wa ngoma kana kwamba Ngika na Gumha waliombwa ushauri.

Jaji wa kisasa aliingia taratibu, na aliingia kwa sababu nzuri. Tamasha lina mfadhili, mfadhili ana zawadi, zawadi inataka jina la mshindi kabla mgeni rasmi hajaondoka, na jina hilo linataka sababu zinazoweza kutetewa. Kwa hiyo inawekwa meza yenye kitambaa na chupa za maji. Watu watatu au watano wanapewa fomu: mavazi, mpangilio, ujumbe, matumizi ya jukwaa. Kila kikundi kinapewa dakika zake, mara nyingi kumi au kumi na tano, kinapanda kimoja baada ya kingine, na watazamaji wanaombwa wakae nyuma ya kamba. Nimeshuhudia mara kadhaa manju akikatwa katikati ya ubeti kwa kengele. Ile saa ya klabu ya Manchester imetufikia, na haikuja kwa ajili ya sataranji.

Sina ugomvi na majaji. Wengi ni walimu wazuri na baadhi walikuwa wachezaji. Lakini tazama kinachotokea kwa ngoma yenyewe. Kikundi kinachocheza kwa dakika kumi, peke yake, mbele ya watu waliokaa, hakihitaji kumjibu mtu. Hakuna adui ng'ambo ya vumbi wa kutungiwa kejeli papo hapo. Hakuna haja ya wimbo wa saa ya nane, ule mrefu, wenye kuzunguka, unaotungwa kwa ajili ya watu waliochoka. Kinachobaki ni vituko, kwa sababu vituko ndivyo vinavyotosha kwenye dakika kumi, na kinachofuata ni sare za kufanana, kwa sababu fomu ina sehemu ya mavazi. Wanaolaumu umati kwa kupenda fisi wangeitazama fomu. Ndiyo inayompa fisi alama.

Na kuna suala la kumbukumbu, ambalo kwa mwandishi wa historia ndilo linalouma. Hatua alizocheza Anderssen katika mashindano ya mwaka 1851 zinafahamika. Mchezo wake mmoja wa mwaka huo huko London, dhidi ya Lionel Kieseritzky, alioucheza kando ya mashindano, bado unarudiwa na wanafunzi wa sataranji duniani kote, hatua kwa hatua, kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuandika. Kwa Ngika na Gumha hatuna hata wimbo mmoja tunaoweza kuapa kwamba ulikuwa ndio ule. Hukumu ya miguu haina karatasi. Watu wakishatawanyika, imetawanyika. Kilichobaki ni nyimbo za waliokuja baadaye, zikiwamo zaidi ya 300 za kazi na za ngoma ambazo mtafiti Frank Gunderson alizikusanya na kuzichapisha mwaka 2010 katika kitabu chake kuhusu nyimbo za kazi za Wasukuma. Ni hazina. Lakini kiko kwa Kisukuma na Kiingereza, ni kinene, na bei yake si ya mtu wa Misasi au Mbarika. Fomu za majaji, kwa upande wake, zimejazwa vizuri na zimo kwenye mafaili. Mtafiti wa mwaka 2100 atajua kikundi gani kilipata 78 kwa mavazi. Hatajua manju aliimba nini.

Hata hivyo, nje ya matamasha, mchezo wa zamani haujafa. Vijijini, kiangazi, bado hutokea vikundi viwili vikapatana uwanja bila mfadhili na bila meza. Simu zimebadilisha kidogo hesabu: kuna vijana wanaosimama pembeni kabisa, kati ya pande mbili, mkono juu, wakirekodi pande zote kwa zamu, na ni vigumu kusema miguu yao imemchagua nani. Nilimsikia manju mmoja akiwaimbia hao moja kwa moja, akiwauliza kama wao ni Bagika, Bagalu au nguzo za umeme. Walicheka, wakasogea. Walisogea upande wake.

Tarehe 19 Juni 2025, katika mwezi ambao msimu huanza, lilizinduliwa daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 na zaidi, linalounganisha Misungwi na Sengerema juu ya maji. Zamani mtu wa Sengerema aliyetaka kutazama ngoma upande huu alipaswa kuufikiria mstari wa magari, kivuko, na kivuko cha kurudia. Sasa anaweza kuja baada ya chakula cha mchana, akasimama hadi jua lizame, na akarudi kulala kwake. Hiyo ni jozi nyingine ya miguu, na mamanju wa Kigongo wameshaanza kuihesabu.